Usiku Anaolala Mgeni: Mhadhara juu ya Utalii na Uchumi wa Ilemela

  

Nitaanza na daftari. Kila aliyewahi kulala gesti katika nchi hii analijua. Liko mezani mapokezi, jalada limechakaa, kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Unaandika jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi yako, namba ya kitambulisho, kisha unatia saini. Mwaka juzi nilichelewa basi nikalala gesti moja Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Nilipokuwa naandika, macho yakapanda kwenye mistari ya juu yangu. Kahama. Bujumbura. Bunda. Goma. Tarime. Kwenye safu ya kazi: mfanyabiashara, mfanyabiashara, dereva, mfanyabiashara, fundi. Ukurasa mzima, hakuna hata mmoja aliyeandika "mtalii".

Asubuhi nilimuuliza dada wa mapokezi daftari likijaa linakwenda wapi. Akaniambia askari hulipitia wakimtafuta mtu, mkusanya ushuru hulitazama akitaka kujua vyumba vingapi vililaliwa, na likijaa linawekwa stoo. Stoo ile ilikuwa na rundo la madaftari limefika usawa wa kiuno changu. Nilisimama pale mlangoni kwa muda. Niliyokuwa nikiyatazama ni maelezo ya uchumi wa kata ile kwa miaka mingi, usiku kwa usiku, na yalikuwa yakiliwa na mchwa.

Nimeombwa niseme juu ya idadi ya wageni na faida yake kwa wilaya kama yetu ya Ilemela, hapa Mwanza. Basi tuanze na takwimu ambazo nchi nzima inazijua. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020, dunia ilipojifungia kwa UVIKO-19, wakashuka hadi 620,867. Mwaka 2022, mwaka ule filamu ya Royal Tour ilipozinduliwa, walifika 1,454,920. Mwaka 2023 wakawa 1,808,205, na mwaka 2024 wakavuka milioni mbili: 2,141,895. Mapato nayo yalipanda, kutoka yapata dola za Marekani bilioni 2.5 mwaka 2022 hadi karibu bilioni 3.9 mwaka 2024. Ni mafanikio ya kweli, na walioyafanyia kazi wanastahili pongezi.

Sasa niambieni, katika hao milioni mbili na zaidi, Ilemela ilipata wangapi? Walilala usiku ngapi? Walimwachia nani shilingi ngapi? Takwimu hizo haziwezi kutujibu, kwa sababu hazikutengenezwa kwa swali hilo. Mgeni wa kimataifa huhesabiwa mpakani, pale Uhamiaji wanapogonga muhuri. Aliyeshuka Kilimanjaro akaenda kutazama nyumbu ni kichwa kimoja. Aliyevuka Rusumo au Kabanga kuja kununua dagaa Kirumba naye ni kichwa kimoja. Baada ya muhuri, hesabu hiyo haiwafuati. Mtanzania wa Kahama au Shinyanga ndiyo kabisa, kwa sababu havuki mpaka wowote. Hesabu za watalii wa ndani hutegemea zaidi sehemu zenye lango na tiketi, kama hifadhi na makumbusho. Mwaloni hakuna tiketi ya utalii. Harusi ya Buswelu haina lango.

Hapa neno lenyewe limetuponza. Tukisikia "mtalii" tunamwona mzungu mwenye kofia pana na kamera kifuani. Lakini kutalii, katika Kiswahili cha wazee, ni kusoma jambo, kulichunguza, kulipitia kwa makini. Na wanaohesabu utalii duniani wana maana pana kuliko yetu ya mitaani: mgeni ni mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kila siku kwa muda usiofika mwaka, bila kuajiriwa kule aendako, awe amefuata mapumziko, biashara, matibabu, ibada au msiba wa shangazi. Kwa maana hiyo Ilemela imejaa wageni, na imejaa tangu zamani.

Tazameni milango tuliyonayo. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela. Stendi ya Nyamhongolo, inayopokea mabasi ya Musoma na Simiyu, iko Ilemela. Viwanja vya Nanenane viko hapo hapo Nyamhongolo, na kila Agosti wakulima wa Kanda ya Ziwa Magharibi wanakutana pale. Uwanja wa CCM Kirumba ni wetu. Tangu Pamba Jiji ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya miaka zaidi ya 20 nje, mnajua wenyewe hali ya vyumba Kirumba na Kitangiri siku Simba au Yanga wanapokuja. Soko la samaki la Mwaloni ni letu. Hata chuo cha Pasiansi, kilichoanza mwaka 1966 na kufundisha askari wanyamapori wanaolinda hifadhi za nchi hii, kiko katikati yetu. Wilaya zenye simba na tembo zinatamani milango kama hii.

Lakini mlango hupitisha tu. Mgeni wa Serengeti anayetua hapa kwetu anapokewa na gari uwanjani, anapanda, na baada ya yapata kilomita 140 yuko lango la Ndabaka. Chakula chake kimefungwa kwenye boksi. Kambi yake imelipiwa miezi mitatu nyuma, kwa kadi, kwenye kampuni iliyoko mji mwingine au nchi nyingine. Katika vitabu vya nchi mgeni huyu ni mkubwa, maana anatumia fedha nyingi kwa siku. Katika vitabu vya Ilemela ameacha chupa ya maji na labda mafuta ya gari, na mafuta yenyewe yametoka ng'ambo. Simlaumu. Hatukumpa sababu ya kulala.

Mlinganisheni na mchuuzi wa dagaa. Niruhusuni nikae kwake kidogo, kwa sababu nadhani ndiye mgeni wetu mkuu na hatujamheshimu kwa kiasi chake.

Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa majini, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za betri na za jua, dagaa wakaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, taa inashindwa na anga, na uvuvi hupungua au husimama. Kwa hiyo mzigo unaofika Mwaloni kutoka visiwani hupanda na kushuka na mwezi, na mchuuzi mzoefu anaijua kalenda hiyo kuliko tarehe za ukutani. Anakuja kipindi cha giza la mwezi kinapoanza. Anasubiri mzigo ukauke vizuri, kwa sababu dagaa mbichi wataoza kabla ya kufika Lubumbashi au Bujumbura. Mvua ikinyesha siku mbili, dagaa hawakauki, naye analala siku mbili zaidi. Kisha anasubiri gunia lishonwe, lori lijae, karatasi zikamilike.

Katika kusubiri huko, chukulieni mfano. Tuseme analala usiku tatu katika chumba cha shilingi 20,000. Anakula mara tatu kwa siku, siku nne, tuseme 15,000 kwa siku. Bodaboda na bajaji, tuseme 20,000 kwa safari yote. Ni shilingi 140,000 kabla hajanunua dagaa hata kilo moja. Mzigo wake nao unalipa wapakiaji, washonaji wa magunia, wauza kamba, mwenye mizani, mwenye stoo. Na fedha hizo zinakwenda kwa nani? Sato aliyemla jana usiku ametoka ziwani humu. Mchicha umetoka Sangabuye au Bugogwa. Mama lishe anaishi Kabuhoro, mwanawe anasoma hapa hapa, karo na sare analipia hapa hapa. Shilingi ya mgeni huyu inapita mikono mitatu minne kabla haijatoka nje ya wilaya. Ya mgeni wa boksi la chakula karibu haikuingia kabisa.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2020 ndege zilipokoma, wageni wa kimataifa walipungua kwa zaidi ya nusu. Miji iliyomtegemea mgeni wa mbali peke yake iliumia sana. Mgeni wa dagaa ni wa aina nyingine: watu wa Katanga, wa Kigali na wa Kahama wanataka kula hata dunia ikiwa mgonjwa. Wilaya yenye akili haimtupi mmoja ikamshika mwingine, ila inajua nani ni mzizi na nani ni tawi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali la mtu wa uchumi ni hili: mwenyeji anaponaje, na kwa siku ngapi. Nami naona tunakosea tunapohesabu vichwa. Kipimo chetu kingekuwa usiku. Usiku mmoja wa mgeni una chumba, chakula cha jioni, chai ya asubuhi, shuka la kufuliwa, mlinzi, umeme, maji, na aghalabu safari mbili za pikipiki. Anayepita bila kulala hana karibu lolote katika hayo.

Mfano uko karibu. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la J. P. Magufuli pale Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Sote tulifurahi. Tunakumbuka foleni ya kivuko, wagonjwa wakisubiri usiku, malori yamepangana. Sasa ni dakika chache uko ng'ambo. Idadi ya wanaoingia Mwanza kutoka Geita, Sengerema na Kagera hapana shaka itaongezeka, na mwenye kuhesabu vichwa atasherehekea. Lakini mtu wa Sengerema ambaye zamani alichelewa kivuko akalala Mwanza, leo anamaliza shughuli saa kumi na saa kumi na mbili yuko kwake. Na wale waliowauzia abiria mahindi, samaki na karanga kwenye foleni, foleni iliyowalisha imekwisha. Sisemi daraja ni baya. Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa hospitali ya Bugando kupitia kivukoni hawezi kusema hivyo. Nasema barabara nzuri inaleta watu wengi na inawarudisha upesi. Tusipowapa sababu ya kulala, tutakuwa na vichwa vingi na vyumba vitupu, na takwimu zitatuambia mambo ni mazuri.

Je, sababu ya kulala ni ipi? Wengi watanijibu: fukwe. Tuna Igombe, tuna Kayenze, tuna visiwa, tuna mawe yaliyobebana kama yamepangwa kwa mkono, na jua linazama majini mbele yetu kila jioni. Ni kweli. Lakini kabla ya kujenga hoteli nyingine ufukweni, tuseme jambo ambalo kwenye vipeperushi haliandikwi, nalo ni kichocho.

Kichocho kinahitaji vitu vitatu: mtu mwenye mayai ya minyoo anayejisaidia majini au kando ya maji, konokono wa majini anayewalea wadudu hao, na mtu mwingine anayeingia maji hayo na ngozi yake. Ufukwe wa Ziwa Victoria una vyote vitatu. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, hapa Mwanza wamekishughulikia kwa miaka mingi. Watoto wetu wanapewa vidonge vya prazikwanteli shuleni, wakipimwa urefu kwa kijiti kujua idadi ya vidonge. Dawa inaua minyoo, lakini haimzuii mtoto kuambukizwa tena wiki ijayo akiogelea pale pale. Na kila mgeni wa mbali anayesoma kitabu cha safari anakuta onyo: usiogelee ziwa hili. Anakuja ufukweni, anapiga picha, anakunywa soda, anaondoka. Ufukwe ambao mtu haogi hauna usiku wa pili.

Kwa hiyo nikiulizwa uwekezaji wa kwanza wa utalii katika Ilemela uwe nini, najibu: vyoo vya mialo, yaani pale mitumbwi inapofikia. Vyoo imara, vyenye maji, kwenye kila mwalo na kila kambi ya wavuvi, na mtu wa kuvisafisha anayelipwa. Najua haukatwi utepe wa choo kwa shangwe kama ya hoteli. Lakini choo kinamlinda mtoto wa mvuvi kwanza, kila siku ya mwaka, awe mgeni amekuja au hakuja. Ninaona uwekezaji wa aina hii ndio unaostahili fedha za umma. Hoteli ijengwe na mwenye mtaji wake.

La pili ni mawe. Mji huu unajulikana kwa mawe, na mawe hayo hayo tunayavunja kwa moto na nyundo kuwa kokoto. Nimewaona akina mama wamekaa juani na watoto mgongoni wakigonga jiwe kwa jiwe kupata ndoo moja ya kokoto. Siwezi kumwambia mama yule aache kwa ajili ya picha ya mgeni. Ninachoomba ni halmashauri ipime vilima, iseme hivi vinachimbwa na hivi havigusiki, na wale wanaohamishwa wapewe kazi nyingine kabla ya kuhamishwa. Jiwe likishavunjwa hakuna bajeti itakayolirudisha.

Ngoma nazo nitazitaja kwa kifupi, kwa sababu wenzetu wa Magu wanazilinda vizuri kuliko sisi. Bujora, pale Kisesa, Padri David Clement na wazee wa Kisukuma walijenga makumbusho, na kila mwaka wakati wa sikukuu ya Bulabo makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu wanashindana, chatu wanachezeshwa, wachezaji wa bugobogobo wanarusha majembe. Ni mwendo mfupi tu kutoka Nyamhongolo. Kwa nini mgeni anayelala Ilemela hapewi taarifa hiyo mapokezi, na bajaji ya kumpeleka na kumrudisha kwa bei inayojulikana? Na Saanane, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu, iko ng'ambo ya mji wetu. Mchuuzi wa Goma anayesubiri dagaa wakauke ana mchana mzima hana la kufanya. Nina hakika hajawahi kuambiwa na mtu kwamba anaweza kwenda kuwaona wanyama kwa boti na kurudi kabla ya jioni. Tunamwona ni mfanyabiashara, kwa hiyo tunadhani hana macho.

Kuhusu boti, neno moja. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na hapa, na wapo ndani ya ukumbi huu waliompoteza mtu siku ile. Mgeni yeyote tutakayempandisha chombo, kiwe kikubwa au mtumbwi wa injini, avae jaketi la kuokolea maisha, na idadi ya watu isizidi. Hili halina mjadala wa faida na hasara.

Sasa nirudi kwenye daftari, kwa maana ndilo lililonileta. Tunaishi watu zaidi ya laki tano katika wilaya hii. Sensa ya 2022 ilituhesabu 509,687. Tulihesabiwa nyumba kwa nyumba, na tukaona umuhimu wake. Wageni wetu hawahitaji sensa, kwa sababu wameshajiandika wenyewe, kwa mkono wao, na kuweka saini. Kinachokosekana zaidi ni mtu wa kujumlisha. Ingetosha mtendaji wa mtaa, au kijana mmoja wa sekondari ya kata anayelipwa posho, apite kila gesti mwisho wa mwezi na aandike mambo manne tu: wageni wangapi, usiku ngapi, wametoka mikoa au nchi gani, wamefuata nini. Majina yabaki gesti, hayamhusu mtu. Hesabu ijumlishwe kata kwa kata na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi, kila mtu aione.

Baada ya mwaka mmoja tungejua mambo ambayo leo tunabishana juu yake vijiweni. Tungejua kama daraja limetuongezea usiku au limetupunguzia, na mechi moja ya Kirumba inajaza vyumba vingapi hadi Pasiansi. Mwenye gesti angejua miezi ya kukarabati. Mama lishe angejua siku za kununua unga mwingi. Halmashauri ingejua ushuru wa nyumba za kulala wageni unalingana na wageni halisi au la, na wenye nyumba waaminifu wasingebebeshwa mzigo wa wasio waaminifu. Wapo watakaoogopa, wakisema hesabu ni njia ya kuongeza kodi. Nawaelewa. Ndiyo maana naomba halmashauri itamke wazi, kabla ya kuanza, kwamba sehemu ya ushuru huo itarudi kwenye kata zilizoukusanya, na kwamba ya kwanza kujengwa kwa fedha hizo ni vyoo vya mialo.

Kwenye daftari nililoandika usiku ule hapakuwa na safu ya idadi ya usiku, wala ya sababu ya safari. Ninyi wenye gesti mlioko hapa, nawaomba kesho asubuhi mchukue rula na kalamu, mchore safu hizo mbili upande wa kulia, kabla ya saini. Madaftari yaliyojaa msiyatupe. Yatoeni stoo, yapanguseni vumbi, na mniite. Nitakuja kuyasoma pamoja nanyi, Jumamosi yoyote mtakayochagua.